Sura ya Sita: Je, Sinki la Jikoni Linahitaji Dirisha?

Katika ukarabati wa jiko, sinki ndilo linalopangiwa mahali kwa mazoea kuliko kitu kingine chochote. Mwenye nyumba, msanifu majengo na fundi mwashi hukubaliana, mara nyingi bila mjadala, kwamba sinki, au karo kama linavyoitwa katika nyumba nyingi za Tanzania, litakaa chini ya dirisha, na kwamba ikiwa dirisha halipo basi ukuta utobolewe. Mazoea hayo yana sababu zake, na baadhi ya sababu hizo bado ni nzuri, lakini nyingine zilizaliwa katika nchi zenye jua hafifu na nyumba zisizo na umeme, kisha zikasafiri hadi Afrika Mashariki ndani ya ramani na majarida bila kuulizwa kama zinafaa. Hoja ya sura hii ni kwamba sinki lenyewe halihitaji dirisha. Anayelihitaji ni mtu aliyesimama mbele ya sinki, naye anahitaji mambo matatu yanayoweza kutenganishwa: mwanga unaoifikia mikono yake, hewa inayoondoa joto na unyevu, na mahali pa kupumzisha macho. Dirisha moja laweza kuyatimiza yote matatu, laweza kutimiza moja na kuharibu mengine, na lipo pia dirisha ambalo halitimizi hata moja kwa sababu linatazama ukuta wa jirani kwa umbali wa mita moja.

Asili ya mazoea haya iko zaidi kwenye bomba kuliko kwenye uzuri. Maji machafu huteremka kwa uzito wake yenyewe, hivyo bomba la sinki lilipaswa kuwa fupi na kutoka nje haraka iwezekanavyo, na ukuta wa nje ndio uliolipa njia hiyo. Kwa kuwa ukuta wa nje ndio pia wenye madirisha, na kwa kuwa kabla ya umeme kuenea hapakuwa na njia nyingine nafuu ya kuona kama sahani imetakata, vitu hivyo viwili vilikutana mahali pamoja na vikaendelea kukaa pamoja hata baada ya sababu ya kwanza kulegea na ya pili karibu kutoweka. Katika vitongoji vilivyojengwa Marekani baada ya mwaka 1945 iliongezwa sababu ya tatu, kwamba mama aliyekuwa akiosha vyombo aweze kuwaona watoto wakicheza bustanini, na tangu hapo dirisha juu ya sinki likawa sehemu ya picha ya nyumba njema, licha ya kwamba mashine za kuoshea vyombo, ambazo Josephine Cochrane alikuwa amezipatia hataza mwaka 1886, zilikuwa zikipunguza taratibu muda ambao mtu husimama hapo.

Wale waliolichunguza jiko kama mahali pa kazi, hata hivyo, hawakukubaliana kwamba sinki ndilo linalostahili dirisha. Catharine Beecher, katika kitabu alichokiandika pamoja na dada yake Harriet Beecher Stowe mwaka 1869, alichukua mfano wa jiko dogo la meli, ambamo mpishi hufikia kila kitu kwa hatua moja au mbili, na akataka majiko ya nyumbani yapangwe kwa uchumi uleule wa hatua. Christine Frederick akafuata mwaka 1913 kwa kupima mienendo ya mwanamke jikoni kama wahandisi walivyokuwa wakipima mienendo ya mfanyakazi kiwandani. Mawazo hayo yalimfikia Margarete Schütte-Lihotzky, msanifu majengo kutoka Austria, ambaye mwaka 1926 alibuni jiko lililokuja kujulikana kwa jina la mji wa Frankfurt, lenye upana usiofika mita 2 na urefu wa karibu mita 3.4, na ambalo liliwekwa katika nyumba takribani 10,000 za wafanyakazi. Jiko hilo lilikuwa na dirisha moja tu, mwishoni mwa chumba. Chini ya dirisha hilo Schütte-Lihotzky aliweka meza ya kuandalia chakula pamoja na kigoda cha kuzunguka, na sinki akaliweka kwenye ukuta wa pembeni. Sababu inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kuchambua mchele au kukata kitunguu, kwa maana kazi hizo hutaka macho na kisu kwa muda mrefu, ilhali kuosha sahani ni kazi ambayo mkono huitambua kwa kugusa karibu sawa na jicho linavyoitambua kwa kuona.

Mradi huo wa Frankfurt uliongozwa na Ernst May, ambaye baadaye aliishi Afrika Mashariki kwa takribani miaka 20. Alihamia Tanganyika mwaka 1934 akawa mkulima, kisha akafungua ofisi ya usanifu Nairobi, akachora mpango wa upanuzi wa Kampala katika miaka ya 1940, na jina lake likahusishwa na hoteli ya Oceanic ya Mombasa. Majengo aliyoyabuni katika eneo hili yanaonyesha kwamba mtu aliyetoka katika mji ambako kazi ya msanifu ilikuwa kuliingiza jua ndani alilazimika kujifunza kazi iliyo kinyume chake, yaani kulizuia jua na kuukaribisha upepo. Funzo hilo hilo linalihusu dirisha la jikoni, na inashangaza kidogo kwamba halijafika katika ramani nyingi za nyumba zinazouzwa mijini leo.

Katika kulinyima sinki dirisha, Finland ilikwenda mbali zaidi ya Frankfurt. Katika miaka ya 1944 na 1945 Maiju Gebhard, aliyekuwa akiongoza idara ya kazi za nyumbani katika taasisi iliyochunguza ufanisi wa kazi, alikamilisha kabati la kukaushia vyombo, yaani kabati la ukutani lenye rafu za waya na lisilo na sakafu, linalofungwa moja kwa moja juu ya sinki ili sahani iliyooshwa iwekwe humo ikichuruzika maji, na maji hayo yaangukie ndani ya sinki. Kabati hilo likawa kitu cha kawaida katika majiko ya nchi hiyo, maana yake ni kwamba nchi yenye majira marefu ya giza, ambako dirisha lingetazamiwa kuthaminiwa kuliko popote, iliamua kwamba nafasi iliyo juu ya sinki ni ya kukaushia vyombo. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, wazo hilo halina ugeni mkubwa, kwa kuwa kichanja cha vyombo, kile cha miti au fito kinachosimamishwa uani, hufanya kazi ileile, tena kikiwa na jua la kukausha lisilopatikana ndani ya kabati lolote.

Kichanja kinakumbusha pia kwamba sinki la ndani ni mgeni katika nyumba za eneo hili. Katika nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, jiko lilikuwa uani pamoja na choo na ghala, na vyombo vilioshwa hapo nje katika beseni, mwoshaji akiwa ameketi kwenye kigoda, mwanga ukiwa wa mbingu nzima na hewa ikiwa ya bure. Katika majumba ya mawe ya Lamu jiko lilipandishwa mara nyingi hadi orofa ya juu kabisa, chini ya makuti, ili moshi na joto viondoke bila kupita vyumbani. Jiko lilipoingizwa ndani ya nyumba ya kisasa, sinki likaingia nalo, na kile kilichokuwa kikitolewa na ua kikalazimika kutolewa na tundu moja ukutani. Kwa hiyo anayeuliza kama sinki lake linahitaji dirisha anauliza, kwa kweli, ni kiasi gani cha ua kinaweza kurudishwa ndani, na kwa njia ipi.

Mwanga ndilo jambo la kwanza la kupima, na hapa tatizo la majiko mengi huwa katika mwelekeo wa mwanga zaidi ya upungufu wake. Mtu aliyesimama kwenye sinki lililo ukutani huipa mgongo sehemu yote iliyobaki ya jiko, hivyo taa moja iliyoning'inia katikati ya dari humulika mgongo wake na kukitupa kivuli cha kichwa na mabega yake juu ya vyombo anavyoviosha. Dirisha lililo mbele yake huondoa kivuli hicho, na hii ndiyo fadhila kubwa ya dirisha juu ya sinki. Hata hivyo fadhila hiyo hupatikana pia kwa taa ya mstari inayofungwa chini ya kabati la juu au chini ya rafu, ikiwa imesogezwa mbele kidogo ili imulike ndani ya sinki, na taa hiyo hufanya kazi saa mbili usiku, wakati ambapo sehemu kubwa ya vyombo vya nyumba za mijini huoshwa na dirisha, kwa wakati huo, ni kioo cheusi kinachomwonyesha mpita njia kila kilichomo ndani. Wataalamu wa taa hupima mwanga kwa kipimo kiitwacho laksi, na kwa kazi za jikoni za kibiashara kiwango kinachotumika Ulaya ni laksi 500. Mbingu yenye mawingu mazito hutoa takribani laksi 10,000 nje, na jua la utosi lisilo na wingu hukaribia laksi 100,000, kwa hiyo hata sehemu ndogo ya mwanga huo, ikiingia kupitia dirisha lolote la jikoni na kugonga ukuta mweupe, hutosha.

Neno «lolote» hapa lina uzito. Wasanifu hukadiria kwamba mwanga wa mchana unaofaa kwa kazi hupenya ndani ya chumba hadi umbali wa mara mbili au mbili na nusu ya kimo cha ukingo wa juu wa dirisha kutoka sakafuni. Ikiwa ukingo huo uko mita 2.1, kama ilivyo katika nyumba nyingi za matofali ya saruji, mwanga utafika mita 4 au zaidi, na jiko la kawaida la mita 3 kwa 3 litapata mwanga kila pembe bila kujali dirisha liko mbele ya sinki au ubavuni mwake. Dirisha la ubavuni lina faida moja ambayo la mbele halina, nayo ni kwamba halimpigi mtu machoni. Anayeangalia mikono yake huku nyuma ya mikono hiyo kuna anga inayong'aa huona vyombo vikiwa vyeusi zaidi kuliko vilivyo, kwa sababu jicho hujirekebisha kulingana na kitu chenye mwanga mkali zaidi mbele yake. Kwa mtu anayetumia mkono wa kulia, dirisha lililo kushoto kwake ndilo linalompa mwanga laini usio na kivuli cha mkono.

Swali la dirisha linatazama upande gani ni zito zaidi karibu na ikweta kuliko inavyodhaniwa. Dar es Salaam iko kwenye latitudo ya karibu nyuzi 7 kusini, hivyo mwezi Juni jua la adhuhuri husimama upande wa kaskazini likiwa nyuzi 60 juu ya upeo wa macho, na mwezi Desemba huhamia upande wa kusini likiwa juu zaidi, nyuzi 73. Jua la juu namna hiyo huzuiwa kwa urahisi: upenu, yaani sehemu ya paa au zege inayochomoza nje ya ukuta, wenye sentimita 60 tu juu ya dirisha lenye kimo cha mita 1 hulikinga dirisha la kaskazini wakati wa adhuhuri ya Juni, na kwa upande wa kusini nusu ya urefu huo inatosha. Ukuta wa magharibi ni habari nyingine kabisa. Jua la jioni likishuka hadi nyuzi 10, upenu wa kulizuia ungehitaji urefu wa karibu mita 6, jambo lisilowezekana, na saa hiyo ndiyo saa ambayo chakula cha jioni hupikwa na mtu husimama jikoni kwa muda mrefu. Dirisha jipya juu ya sinki katika ukuta wa magharibi, bila mti, bila ukuta wa ua ulio karibu na bila vibao vya kusimama vya kuzuia jua, ni kosa la ujenzi hata kama mandhari yake yanavutia. Mwenye nyumba ambaye ukuta wake pekee wa nje unatazama magharibi anaweza kufungua tundu pana lakini fupi, lililo juu karibu na dari, ambalo huleta mwanga na kutoa joto bila kulielekeza jua usoni mwa mtu.

Kuhusu hewa, watu wengi hulisifu dirisha kwa kazi isiyofanywa na dirisha moja. Hewa haiingii chumbani kama haina pa kutokea, kwa hiyo dirisha juu ya sinki katika jiko lenye mlango uliofungwa hupumua kidogo tu, lakini lilelile likiwa na tundu lingine upande wa pili, hata liwe dogo na la juu, huzalisha mkondo unaosikika ngozini. Katika pwani, jambo hili hufuata majira ya pepo. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki katikati ya mwaka, nayo kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki kuanzia mwezi Desemba hivi hadi Machi, hivyo jiko lenye dirisha upande unaopokea upepo hugeuka kuwa mdomo wa nyumba: upepo huingia hapo, ukachukua harufu ya samaki na mvuke wa mafuta, ukavipeleka sebuleni. Jiko lililo upande ambako upepo huiacha nyumba hufanya kinyume chake, hunyonya hewa ya nyumba na kuitoa pamoja na harufu zake. Bahati mbaya ni kwamba upande huo ambako upepo huiacha nyumba, katika nyumba nyingi za pwani, ndio huohuo wa magharibi uliolaumiwa hivi punde, na mkarabati hulazimika kuchagua kati ya joto na harufu. Chaguo la busara katika hali hiyo ni kukubali upande wa magharibi kwa ajili ya hewa lakini kwa tundu la juu, na kulinyima sinki dirisha la usawa wa macho.

Dirisha la sinki halipaswi pia kutarajiwa kutibu moshi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020, na katika nyumba inayotumia mkaa au kuni, tiba iko kwenye aina ya jiko, bomba la moshi na mahali pa kupikia, wala haiko kwenye tundu lililo mita 2 kutoka kwenye moto. Walioingia katika gesi ya mtungi wana jambo la ziada la kuzingatia. Gesi hiyo ni mchanganyiko wa propani, ambayo ni nzito kuliko hewa kwa takribani mara moja na nusu, na butani, ambayo ni nzito karibu mara mbili, hivyo ikivuja hushuka na kutandaa sakafuni, chini kabisa ya kingo ya dirisha. Jiko la gesi linahitaji tundu la hewa lililo karibu na sakafu na linalotoka nje, na fedha za kutoboa tundu hilo zitumike kabla ya kufikiria dirisha la pili. Kuhusu moto wenyewe, dirisha lililo karibu na sinki ni afadhali kuliko lililo karibu na jiko, kwa sababu upepo unaoingia juu ya moto huuyumbisha mwale, ukapoteza gesi na wakati mwingine ukauzima huku gesi ikiendelea kutoka.

Ukuta nao una sauti yake katika uamuzi. Katika nyumba za matofali ya saruji zilizofungwa lenta, yaani boriti ya zege yenye nondo inayozunguka nyumba juu ya milango na madirisha, tundu jipya lililo chini ya lenta hiyo si jambo la kutisha, mradi upana wake ukae kati ya nguzo au pembe za ukuta na fundi asikate lenta yenyewe ili kupata kimo zaidi. Ukuta usio na lenta ya mzunguko huhitaji kutegemezwa kwanza, kisha lenta fupi iwekwe ikikalia ukuta angalau sentimita 15 kila upande, na ndipo matofali yaondolewe. Katika majumba ya mawe ya matumbawe na chokaa ya Zanzibar na Lamu, ambayo kuta zake huwa nene kwa nusu mita au zaidi, dari hubebwa na boriti za mikoko zilizopangwa kwa ukaribu, na ukuta unaozipokea ncha zake haupaswi kutobolewa bila mhandisi kujua kila ncha imekaa wapi. Isitoshe, Mji Mkongwe wa Zanzibar umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000 na Lamu tangu mwaka 2001, kwa hiyo dirisha jipya linalotazama nje huko linahitaji idhini ya mamlaka ya uhifadhi. Wakazi wa maghorofa hawako huru zaidi, kwa kuwa chini ya sheria za umiliki wa sehemu za majengo, ile ya Tanzania ya mwaka 2008 na ile ya Kenya ya mwaka 2020, kuna mali ya pamoja ambayo mmiliki wa nyumba moja hana mamlaka ya kuigusa peke yake, na mwenye fleti afanye vyema kudhani kwamba ukuta wa nje umo humo hadi aonyeshwe vinginevyo.

Bomba huwa ndilo linalofunga mjadala. Mwenye nyumba anayetaka kulifuata dirisha kwa kulihamisha sinki, au kulihamisha kutoka dirishani ili kuliweka katika meza ya katikati kama inavyoonekana katika majarida, anapaswa kukumbuka kwamba bomba la maji machafu huhitaji mteremko wa takribani 1 kwa 40, maana yake ni kwamba kila mita 4 za usafiri hudai sentimita 10 za kushuka, na sentimita hizo hupatikana kwa kukata sakafu au kuinua kabati. Mwongozo wa ujenzi wa Uingereza huruhusu bomba la milimita 40 lisilo na bomba la hewa kufika mita 3 tu, kwa kuwa likizidi hapo maji yanayokimbia huweza kuvuta nayo maji yaliyotuama katika mtego, ile sehemu iliyopinda chini ya sinki ambayo huzuia harufu ya chemba isipande jikoni. Mafuta ya kupikia hugandia ndani ya bomba refu lenye mteremko mdogo, na kuziba kwake hakuchelewi. Kwa nyumba nyingi za Afrika Mashariki, ambazo bomba la sinki hutoboa ukuta na kumwaga nje moja kwa moja katika kishimo chenye mtego kabla ya chemba, sinki lililopo kwenye ukuta wa nje liachwe hapo lilipo. Wasomaji walio Kanada au majimbo ya kaskazini ya Marekani wana shida ya upande mwingine, kwa sababu bomba la maji safi lililo ndani ya ukuta wa nje huweza kuganda na kupasuka wakati wa baridi, na dirisha juu ya sinki huzuia bomba la hewa kupanda wima, likalazimika kuzungushwa pembeni mwa fremu.

Zipo pia sentimita chache zinazosahaulika hadi siku fremu inapofika. Meza ya jikoni husimama sentimita 90 kutoka sakafuni, na dirisha la zamani mara nyingi lina kingo ya chini kwenye kimo hichohicho, hivyo vigae vipya vya sakafu na jiwe nene la meza vikiongezwa, meza hukata kioo. Kingo ifaayo huanzia mita 1.05 au zaidi, ili safu ya vigae vya ukutani ipokee maji yanayoruka, na iwe na mteremko mdogo kuelekea sinki, kwa kuwa mbao na chuma havivumilii maji yanayotuama, hasa katika pwani ambako hewa ya chumvi hula fremu na nondo hata bila msaada wa sinki. Dirisha linalofunguka kwa ndani hugonga bomba la maji lenye shingo ndefu, lile linalofunguka nje huwa mbali na mkono wa mtu aliyezuiwa na meza yenye upana wa sentimita 60, na lile la alumini la kusukuma, lipendwalo na mafundi wa leo, huachia nusu tu ya uwazi wake. Madirisha ya vioo vya kupinduka, yale ya zamani yanayoanza kudharauliwa, huachia karibu uwazi wote na huweza kutoa hewa wakati mvua inanyesha, na kwa jiko la pwani bado hayajapata mrithi. Wavu wa mbu hupunguza upepo kwa sehemu kubwa, na ukishashika mafuta hupunguza zaidi, kwa hiyo uwe wa kutolewa na kuoshwa.

Linabaki jambo la mandhari, ambalo lingeonekana la anasa kama si kwamba katika nyumba nyingi za mijini anayeosha vyombo si yule anayelipia ukarabati. Dada wa kazi, mama mkwe au binti mkubwa ndiye anayesimama hapo saa moja baada ya nyingine, na ramani huchorwa bila yeye kuulizwa kama jua humchoma, kama kisima cha maji kinaonekana, au kama kijana wa jirani humwona akiwa amevua mtandio. Katika miji ya pwani, ambako madirisha ya uchochoroni yalifanywa madogo na ya juu kwa ajili ya sitara, dirisha la sinki linalotazama ua wa ndani ni neema, na lilelile likitazama njia hufungwa kwa pazia mwezi wa kwanza na kubaki hivyo. Mwoshaji aulizwe kwanza, kwa sababu jibu lake hugharimu kidogo kuliko fremu.

Kutokana na hayo yote, uamuzi unaweza kusemwa wazi. Sinki ambalo tayari liko chini ya dirisha la kaskazini, la kusini au linalotazama ua lisihamishwe, na fedha za ukarabati ziende kwenye kingo, upenu na wavu. Jiko lenye dirisha moja tu lililo mbali na bomba liache sinki lilipo, meza ya kukatia ipewe dirisha, na taa ya mstari ifungwe juu ya sinki. Ukuta usiotobolewa utobolewe kwa ajili ya sinki pale tu ambapo jiko zima linakosa tundu la pili la hewa, ukuta huo hautazami magharibi, haubebi boriti wala si mali ya pamoja, na nje yake kuna kitu kinachostahili kutazamwa. Mahali popote pengine, kabati la kukaushia vyombo lililofungwa juu ya sinki litamfaa mwoshaji kuliko dirisha, na kwa gharama ndogo zaidi.